Sahihi Mbili na Fungu la Saba

Aprili 2014, Bunge Maalum la Katiba likiwa limekaa Dodoma, wapo wajumbe waliohoji kama Hati ya Muungano ipo kweli. Serikali ikaitoa mbele ya waandishi wa habari: karatasi za tarehe 22 Aprili 1964, chini yake sahihi ya Julius Nyerere na ya Abeid Karume. Picha ikafika Chokocho kwa simu. Barzani, pale wanaposubiri mashua za kwenda Kisiwa Panza, watu waliikuza kwa vidole mpaka kwenye kioo ikabaki sahihi ya Karume peke yake. Ndiyo? Siyo? Mzee mmoja akaenda kwake, akarudi na kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya nailoni, anachosema kilitiwa sahihi na Karume mwenyewe, akakiweka ubavuni mwa simu. Ubishi ukashika moto hadi adhana ya alasiri.

Siungani na wanaouita ubishi ule upuuzi. Hati ya kuzaliwa nchi, ikikaa miaka 50 bila wenye nchi kuiona, lazima izae shaka. Na shaka haikuwa ya barzani tu. Issa Shivji, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu Muungano, alifuatilia kama Zanzibar iliridhia makubaliano yale kwa sheria yake yenyewe. Alichokuta ni tangazo lililochapwa katika gazeti rasmi la Tanganyika, chini yake jina la Fifoot, mwanasheria wa Serikali ya Tanganyika. Hebu fikiri: tunagombania mkono wa Karume, kumbe jina lenye kazi kubwa zaidi pengine ni la mtu ambaye hakuna hata mmoja barzani aliyewahi kumsikia.

Lakini kuna jambo linalonikera katika namna tunavyoisoma hati ile, na nasema tunavyoisoma kwa heshima tu, maana hatuisomi. Tunaitazama kama mkusanyaji anavyotazama mali. Jicho linashuka moja kwa moja chini kwenye wino. Maneno yaliyo juu yake yanakuwa kama fremu ya picha.

Nami nataka turudi juu. Hati ni fupi, imeandikwa kwa Kiingereza, na inaorodhesha mambo 11 yatakayokuwa ya Muungano. Leo orodha katika nyongeza ya kwanza ya Katiba ina mambo 22. Hilo angalau watu wanalijua na wanalipigia kelele. Wasilolijua ni fungu la saba. Linasema Rais, kwa kukubaliana na Makamu wake anayeongoza Zanzibar, atateua tume ya kupendekeza katiba, kisha ataitisha Bunge la Katiba lenye wajumbe wa pande zote mbili, likutane ndani ya mwaka mmoja tangu Muungano kuanza. Mwaka mmoja. Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuahirisha. Bunge hilo lilikuja kuipitisha Katiba mwaka 1977. Karume alikuwa ameuawa tarehe 7 Aprili 1972, miaka mitano kabla. Yaani yule ambaye kukubali kwake kuliandikwa kuwa sharti, hakuwepo tena kukubali wala kukataa.

Hapo ndipo ningetaka barza iwake moto. Ukithibitisha sahihi ni ya kweli, umethibitisha kwamba ahadi ya mwaka mmoja nayo ni ya kweli. Serikali iliyoonyesha hati ili kufunga mdomo wa wenye shaka, ilionyesha pia fungu la saba. Hakuna aliyelikuza kwa vidole.

Tabia hii si yetu peke yetu. Amerika ya Kusini barua za Simón Bolívar zina soko lake, na nyingi alizisema kwa mdomo, makatibu wakaandika. Mnunuzi analipia ule mzunguko wa kalamu mwishoni. Katika wasia wake wa tarehe 10 Disemba 1830 aliagiza karatasi zilizokuwa mikononi mwa mtu aitwaye Pavageau zichomwe moto. Hazikuchomwa. Na wanahistoria wanamfahamu zaidi kwa sababu ya msaidizi wake, O'Leary wa Ireland, aliyekusanya karatasi kwa wingi wake, si zile za kupendeza tu. Mwanawe akazichapa Caracas katika mabuku zaidi ya 30. Mkusanyaji wa namna hiyo ni mlinzi. Wa namna nyingine ni mchaguzi, na mchaguzi huharibu hata asipochana kitu.

Wachaguzi wanafika hadi Pemba. Mmoja alikuja kijijini kwetu akiulizia karatasi za zamani zenye majina ya wakubwa. Ami yangu akamtolea mkoba wa ukindu wa marehemu bibi: kadi ya Afro-Shirazi, stakabadhi za karafuu zilizofungwa kwa uzi, barua kutoka Mombasa. Mgeni akapekua haraka, kama mtu anayechambua vikonyo. Akaitaka kadi. Stakabadhi akazisukuma kando.

“Hizi hazina sahihi,” akasema.

Zinayo. Kila moja ina alama ya dole gumba la bibi, la wino wa zambarau, pembeni ya uzito na bei. Nimezipanga kwa miaka. Ukizifuata unaona msimu uliozaa na msimu uliokauka, na unaona shilingi ngapi zilirudi nyumbani kwa gunia lililochumwa na watoto wake juu ya ngazi. Hakuna hotuba ya kiongozi yeyote iliyonieleza hayo kuhusu miaka ile ya Chokocho.

Ami aliuliza kama auze kadi. Nilimwambia, “Ami, akitaka, achukue mkoba mzima, na asome.” Mgeni hakuutaka mzima. Kadi ingalimo mle mle kati ya stakabadhi, na sasa mkoba uko kwangu, juu ya kabati, mbali na panya.