Je, ni damu iliyowadhuru?

Kama umewahi kuambiwa "ndugu yako aliyepasuliwa moyo anahitaji damu", ukakumbuka umesoma mahali kwamba damu ya kuongezewa inaua, basi haya yanakuhusu.

Hofu hiyo haikutoka vijiweni. Mwaka 2007 Gavin Murphy na wenzake wa Bristol, Uingereza, walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 8,598 wa upasuaji wa moyo. Walioongezewa damu walipata maambukizi zaidi, na walikufa zaidi. Sasa jiulize: nani huongezewa damu? Ni yule aliyevuja sana, mzee, mwenye figo dhaifu, aliyekaa muda mrefu kwenye mashine ya moyo na mapafu. Siku ya mvua utakutana na miavuli mingi. Hutasema miavuli ndiyo iliyoleta mvua. Watafiti walijaribu kusawazisha tofauti hizo kwa hesabu, ila hesabu husawazisha kilichoandikwa kwenye faili tu. Kutoka hapo hadi kusema "damu inasababisha vifo" ni kuruka hatua.

Ninachompendea Murphy, hakuishia hapo. Aliongoza jaribio la TITRe2, lililochapishwa 2015. Wagonjwa kama 2,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa waongezewe himoglobini ikishuka chini ya gramu 9 kwa desilita, wale wasubiri mpaka chini ya 7.5. Kama damu ni sumu, waliosubiri wangetoka salama zaidi. Wapi! Asilimia 35.1 yao walipata maambukizi makubwa au madhara ya viungo kukosa damu, na wenzao 33.0. Karibu sawa.

Hapo watu wakarukia upande wa pili, maana waliosubiri walikufa 42 na wenzao 26. Taratibu jamani. Vifo havikuwa swali kuu la jaribio lile, na tofauti yenyewe ilivuka kizingiti cha takwimu chupuchupu. Tena hao wanaoitwa "walionyimwa", zaidi ya nusu yao waliongezewa damu! Mwaka 2017 likaja TRICS III, wagonjwa zaidi ya 4,800: vifo asilimia 3.0 kwa waliosubiri, 3.6 kwa wenzao.

Kwa hiyo daktari akikuambia himoglobini ni 8.5, mgonjwa havuji, tusubiri kwanza, hajamnyima ndugu yako kitu. Akisema ni 7 na damu inahitajika, usimzuie kwa karatasi ya 2007.

Katika TRICS III, eti wazee wa miaka 75 na zaidi ndio walioonekana kunufaika na kusubiri. Lakini hicho ni kipande tu cha jaribio, kama vile vifo vya TITRe2.