Kushuka Ndiyo Ngoma

Katika vitabu vinavyosimulia kuzaliwa kwa magari ya porini, hadithi mbili hazikosekani. Ya kwanza ni ya Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, ambaye mwaka 1947 alichora umbo la Land Rover kwenye mchanga wa pwani ya Anglesey, huko Wales. Ya pili ni ya Ichiro Taira, dereva wa majaribio wa Toyota. Mwaka 1951 aliendesha gari lililoitwa BJ, lenye injini ya lori, akapanda nalo Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari lilikuwa halijapata kufika. Maofisa wa polisi walishuhudia, na oda ikafuata. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser.

Sisi wa Masama tunaipenda hadithi ya Taira. Kwanza, ni ya mlima. Pili, inamtaja dereva kwa jina, ilhali wasimulizi wengi humsifu mhandisi na mwenye kiwanda tu. Hata hivyo nina lawama moja. Hadithi inamwacha Taira kule juu. Hatuambiwi alishukaje.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Gari likishindwa kupanda, husimama, abiria wakateremka wakasukuma. Likishindwa kushuka, ni msiba.

Usiku mmoja wa masika, nikiwa mtoto, tulimteremsha bibi yangu mgonjwa kutoka kihambani kwa gari la jirani. Udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni. Tulikuwa tumetoka kuvuka mto, breki zimelowa, hazishiki. Mzee aliyeendesha aliacha kuzikanyaga. Alitia gia nzito kuliko zote, injini ikalizuia gari, huku utingo akitembea kando na jiwe mikononi.

“Kijana, usinitangulie,” mzee alimwambia. “Kaa karibu na gurudumu.”

Tulifika barabara ya lami kunakucha, na bibi akatibiwa akapona.

Waundaji walilijua jambo hili. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilikuwa na seti ya gia nzito, na gia hizo humfaa anayeshuka sawasawa na anayepanda. Waliosahau ni wasimulizi. Wao wanataka kilele, picha na makofi, kwa hiyo jaribio lao huisha siku moja. Huku kwetu jaribio lilirudi kila masika, na waliolifanya, madereva na utingo wao, hawamo katika kitabu chochote.

Siwanyimi Wilks na Taira sifa zao, walistahili. Ila kitabu cha magari haya kitakapoandikwa na mtu wa mlimani, naomba kianzie juu, usiku, mvua inanyesha, na mgonjwa amelazwa nyuma.