Moto Chini ya Mitende

Wanaoingia Palm House, nyumba ya vioo ya mitende katika bustani ya Kew, London, huinua macho kwenye kuba la vioo. Nani atawalaumu? Mimi huinamia sakafu, kwenye vyuma vyenye matundu, kwa kuwa chini yake ndimo yalimolazwa mabomba ya maji ya moto, na bila hayo mitende ya nchi za jua isingevuka hata baridi moja ya Uingereza.

Nyumba hiyo ilijengwa kati ya 1844 na 1848. Msanifu Decimus Burton amesifiwa vya kutosha; fundi chuma Richard Turner wa Dublin hajapata haki yake. Moto ulihitajika, lakini masizi yangeviziba vioo, na dohani ubavuni ingeharibu sura. Basi matanuri yakawekwa chini ya ardhi, na moshi ukapitishwa kwenye handaki hadi mnara wa Kiitaliano, yapata mita 150 kutoka hapo. Mtembezi aliuona mnara mzuri tu, asijue kuwa ni dohani. Makaa ya mawe nayo yaliletwa chini kwa chini, kwa reli ndogo. Kazi haikukosa dosari, maana chumba cha matanuri kilipenda kujaa maji, ila adabu ile ya kuficha jasho leo siioni.

Kupoza kulitaka busara zaidi. Hewa baridi iliingia chini, ya moto ikatokea madirisha ya juu. Na vioo vya kwanza vilitiwa kijani kwa shaba ili jua la kiangazi lisiunguze majani. Walijua kwamba kioo hunasa joto. Sisi tunaoishi na jua mwaka mzima tunajijengea maghorofa ya vioo visivyofunguka, kisha tunaiachia mashine ihangaike na joto tulilolikaribisha wenyewe.

Kabla ya Kew, kwenye jumba la Chatsworth, Uingereza, mkuu wa bustani Joseph Paxton alijenga nyumba ya vioo kubwa zaidi, iliyokamilika yapata 1840: matanuri manane, mabomba ya maili saba. Aliyepita pale alistaajabia ukubwa. Wachochea moto, waliokesha wakilisha matanuri usiku wa theluji, hawakuonekana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, makaa yakakosekana. Mimea ikafa kwa baridi. Vioo vilisimama bado, lakini havikuwa na cha kuhifadhi, na mwaka 1920 nyumba nzima ikabomolewa kwa baruti.