Herufi Mbili Juu ya Stempu
Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza kutoka Nyasaland yaliingia Tukuyu, kisha Iringa. Stempu za Nyasaland zikapigwa chapa juu yake: N.F. Herufi mbili tu, na hapo ndipo kazi ya mtambuzi wa stempu za kughushi ilipo. Anaishika stempu kwa kibano, anaikagua chini ya lenzi: wino wa chapa umekaa juu ya muhuri wa posta au chini yake? Ukiwa juu, chapa hiyo ni ya kughushi, maana chapa hutangulia safari ya barua. Macho huuma. Wenzake wa Ujerumani huhangaika na stempu za 1923, zilizogongwa bei mpya za mamilioni ya marka. Bila watambuzi hawa, albamu nyingi zingetunza uongo. Ukirithi bahasha ya babu huko Mbeya, usiibandue stempu. Mpelekee mtambuzi pamoja na bahasha yake.