Kifaransa cha Wapenzi, Lingala ya Nyimbo

Filamu La Vie est belle, iliyoongozwa na Ngangura Mweze pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy mwaka 1987, yamhusu Kourou, kijana wa kijijini aingiaye Kinshasa kutafuta jina katika muziki, akaishia kuwa mtumishi wa nyumbani kwa tajiri. Wote wawili wamtaka msichana mmoja, Kabibi: tajiri kwa ushauri wa mganga, kijana kwa moyo wake. (Jina hilo, lenye kiambishi ka- cha udogo kitumikacho mno hapa Katanga, liliwafurahisha wanafunzi niliotazama nao filamu hii Bel-Air, wakadai kuwa ni dada yao.)

Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, si mwigizaji mkubwa. Lakini aimbapo, Kourou hupata uhai.

Hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Karibu mazungumzo yote ni ya Kifaransa; Lingala imeachiwa nyimbo. Je, ni nani Kinshasa amkaripiaye mumewe kwa Kifaransa sanifu? Ni kana kwamba lugha zetu zafaa kuchezwa tu, wala si kufikiria kwazo. Huenda soko la Ulaya ndilo lililoamua hivyo. Sababu hiyo naielewa, siikubali. Aliyepunjwa zaidi ni Mamou, mke mkubwa: hasira yake ilihitaji mafumbo ya nyumbani, naye amepewa sentensi za darasani.

Tuliirudia sehemu yake moja tukiwa tumezima sauti, na mwanafunzi mmoja akamsemea kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Chumba kizima kilinyamaza.