Futa Isiyohusika

Kazi yangu ni kusoma vitabu vya watu na kusema vimepungukiwa wapi. Mwaka jana nilisoma kwa makini kuliko riwaya yoyote maandishi ambayo hakuna mhariri aliyeniagiza niyasome: fomu za kuasili mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka 15 na amenizidi kimo. Nilipokuwa nikisoma, alikaa pembeni yangu kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, akila karanga.

Nianze na msimulizi. Fomu inaye, ingawa hajitaji jina. Huuliza kwa mkato: Jina. Umri. Makazi. Hapendi kukatizwa na hana nafasi ya maelezo marefu. Kasoro yake kubwa ni kwamba anamfikiria mtoto mmoja tu, yule mchanga aliyefungwa kwenye khanga. Mahali fulani aliuliza mtoto alipatikana wapi. Binti akachungulia karatasi, akasema, "Andika Mbagala, kituo cha daladala." Tulicheka hadi karani akatutazama.

Kasoro hiyo haikuanzia kwenye fomu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi wa kuasili amweleze mtoto kwamba ameasiliwa, iwapo ni kwa manufaa yake na amefikisha angalau miaka 14. Nikajiona nikimkalisha sebuleni binti niliyesimama naye kwenye kaburi la mama yake, nimpe habari hiyo kwa upole. Lakini sheria hiyohiyo inasema mtoto wa miaka 14 lazima aridhie mwenyewe kuasiliwa. Katika umri uleule, mtoto mmoja anafunuliwa siri na mwingine anaombwa ridhaa. Aliyeandika hakuwahi kuwakutanisha hao wawili. Hata neno lenyewe, kuasili, limebeba asili ndani yake, kana kwamba mtoto huja bila asili na sisi ndio tunampa. Huyu alikuja na begi la shule, cheti cha kifo cha mama kwenye faili la plastiki, na msimamo mkali kuhusu namna ya kupika maharage.

Ila sentensi iliyonitesa zaidi ni fupi, nayo ipo kwenye karibu kila karatasi ya shule na hospitali: Mzazi/Mlezi (futa isiyohusika). Mama yake alikuwa rafiki yangu tangu chuoni, amenitangulia mwaka mmoja kuzaliwa, ndiyo maana binti ananiita mamdogo. Kiswahili kina mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, mama wa kufikia, bibi mzaa mama. Fomu ina maneno mawili na mkwaju katikati. Kwa miaka mitatu nimefuta "mzazi" mbele ya macho yake. Siku moja, saa nane usiku, alipokuwa amejikunja kwa maumivu ya kidole tumbo, muuguzi aliniuliza, "Wewe ni nani yake?" Nikasema mamdogo. "Wa tumbo moja na mama yake?" Nikanyamaza sekunde mbili, na sekunde hizo zilitosha kumfanya aweke kalamu chini. Tulisubiri hadi mganga wa zamu alipokuja kusaini. Asubuhi yake nikaanza kuulizia habari za mahakama.

Sitaki kuionea fomu. Inauliza kipato changu, inawauliza majirani tabia yangu, inamleta afisa ustawi kuhesabu vyumba na kutazama kitanda atakacholalia mtoto. Jirani yangu alikasirika kwa niaba yangu: "Yaani mtu unasaidia, halafu unahojiwa kama mwizi?" Mimi sikukasirika. Wote tunawajua mabinti walioletwa mjini "kulelewa na kusomeshwa", na sasa wanaamka saa kumi alfajiri kuosha vyombo vya watu. Hao hawakuandikiwa fomu yoyote. Fomu inayonishuku ina haki ya kunishuku. Hata hesabu ya umri niliikubali: mwombaji awe na angalau miaka 25, na amzidi mtoto kwa isiyopungua 21. Mimi nina 37. Karani alipiga hesabu kwenye simu yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umepona kwa mwaka mmoja, dada."

Ninacholalamikia ni nafasi. Mimi nimeulizwa kurasa nyingi. Binti, ambaye ndiye habari yenyewe, amepewa mstari mmoja wa kuridhia, chini kabisa, juu ya sehemu ya mhuri. Alipofika hapo aliacha kula karanga, akafuta vidole kwenye sketi. Akaandika jina lake lote matatu, na la katikati, la baba ambaye hatujui aliko, akalikoleza. Kisha akamgeukia karani.

"Hapa, niandike nakubali awe mama yangu, au mamdogo wangu?"

Karani aliangalia karatasi, akaangalia foleni nyuma yetu. "Nyumbani unamwitaje?"

Akaandika. Herufi za mwisho zilitoka nje ya mstari zikaingia kwenye eneo la mhuri, na mhuri ulipogongwa ukazifunika nusu.

Jalada bado liko mahakamani. Wiki iliyopita walitupigia simu wakitaka picha mpya za pasipoti, kwa sababu kwenye zile za kwanza amenyoa na sasa amesuka.