Kuikagua Land Rover ya Zamani: Anza Chini

Mtu akikuonyesha Land Rover ya zamani aliyoifufua, atakusimamisha mbele ya boneti ili rangi ikuingie machoni. Mpongeze, kisha umwombe kipande cha katoni, ulale chini ya gari. Kupiga rangi ni kazi ya siku chache. Chasi humla fundi miezi, na huko ndiko ustadi wake unakoonekana.

Huku kwetu Bonde la Ufa, Kenya, lazima tuwe wakali. Kutoka Naivasha hadi Njoro, Subukia na Molo, Land Rover zilikuwa gari za shamba, za polisi, za misheni na za idara za serikali, na nyingine hadi leo zinabeba maziwa na viazi. Zimechomelewa, zimegongwa, zimebadilishwa injini, zimepakwa rangi juu ya rangi. Kwa hiyo mimi hutafuta makubaliano: chasi ikubaliane na namba yake, namba na kitabu cha gari, bodi na mwaka wake. Gari lenye makubaliano hayo nitalivulia kofia hata likiwa limechubuka.

Chasi ya Land Rover ni boksi la mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa kingoni. Matope huingia kupitia matundu yake, hukaa, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Chukua bisibisi kubwa, ugonge kwa mpini wake kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa ukali. Kilichooza au kilichojazwa fila hutoa sauti butu. Kaa zaidi kwenye mikono inayotoka chasini kushika bodi, kwenye vishikio vya springi za nyuma, na kwenye boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya trela.

Kiraka chenyewe si aibu, maana hakuna Land Rover ya hapa iliyofikisha miaka 50 bila kiraka. Tazama kilivyowekwa. Fundi mzuri hukata chuma kilichooza mpaka afikie kizima, huweka bamba la unene uleule, na mshono wake huenda mfululizo bila matone wala mapengo. Fundi mbaya hulaza bamba juu ya kutu kisha hufunika kila kitu kwa lami nzito. Lami mpya chini ya gari hunitia shaka kuliko kutu ninayoiona. Kutu ya wazi naweza kuipima.

Sasa toa sumaku mfukoni. Land Rover ilizaliwa Uingereza chuma kikiwa haba baada ya vita. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alijenga gari la majaribio juu ya chasi ya Jeep ya Kimarekani, na Land Rover yenyewe ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Urefu kati ya ekseli zake ulikuwa inchi 80, sawasawa na Jeep, lakini bodi ilikuwa ya mchanganyiko wa alumini uitwao Birmabright. Hivyo sumaku isishike kwenye mabawa wala kwenye boneti. Ikishika hapo, fundi wa jua kali amekata bati la chuma na kulikunja badala ya bawa la asili. Nimeona mabawa ya aina hiyo yaliyokunjwa kwa ustadi wa kushangaza, na mkono uliofanya kazi ile naustahi, ila gari la namna hiyo lisiuzwe kwa jina la gari la asili.

Ukuta unaotenganisha injini na abiria, pamoja na fremu ya kioo cha mbele, ni chuma tangu kiwandani. Hapo sumaku ishike kwa nguvu kote, hasa chini, miguu ya dereva inapokaa. Ikilegea, kuna fila.

Pale alumini inapokutana na chuma, unyevu ukiingia kati yao, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Huku Bonde la Ufa hali ni mbaya zaidi kandokando ya Ziwa Nakuru na Elmenteita, kwa sababu vumbi lina magadi, na magadi yakilowa huishambulia alumini. Fundi anayejua kazi hutenganisha metali hizo kwa rangi au kwa kizuizi kingine kabla ya kufunga bolti. Mwambie afungue bolti moja ya bawa, uone kilichopo chini yake. Akikataa, nawe umepata jibu.

Namba ndizo zinazonipendeza kuliko yote. Kwenye modeli za Series II hadi III, namba ya chasi imegongwa juu ya chuma cha kulia mbele, pale springi inaposhikwa, na hurudiwa kwenye kibamba ndani ya gari. Mahali pale hupigwa mawe na matope, hivyo usishangae ikiwa imefifia. Safisha kwa brashi laini na mafuta ya taa. Usikubali mtu aisugue kwa grinda. Namba iliyo safi mno juu ya chuma kilichochakaa ina maswali yake.

Kwa Series IIA ya petroli, iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971, tarakimu tatu za kwanza hueleza gari lilikusudiwa wapi. 241 ni gari fupi la inchi 88 kwa soko la Uingereza, na 251 ni refu la inchi 109 kwa soko hilohilo. 242 na 252 ni za kusafirishwa nje, usukani upande wa kulia. 243 na 253 zilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, zikiwa vipande ndani ya makasha ili ziunganishwe ng'ambo. Gari la shamba la Njoro ningetegemea lianze na 242 au 252. Likianza na 241, huenda lilikuja baadaye na mwenyewe. Likianza na 253, uliza liliunganishwa wapi, kwa sababu kiwanda cha Leyland pale Thika, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, kilianza miaka ya 1970, IIA ikiwa imekwisha kuondoka.

Magari ya Thika ni ya Series III, na hayo yanahitaji jicho la upole. Gari lililokuja kwa vipande lilipakwa rangi huku, kwa hiyo usilishindanishe na kijani cha picha za Solihull. Ondoa kiti, tazama ndani ya boksi lake na nyuma ya kibao cha saa. Rangi ya kwanza hubaki humo. Kwa gari lililokamilishwa Uingereza, jumba la makumbusho la magari la Gaydon, nchini humo, hutoa cheti kwa malipo kutoka daftari za kiwanda: tarehe, rangi, na kule lilikopelekwa.

Halafu linganisha na kitabu cha gari na rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Pleti ya herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi mwishoni, ni ya kabla ya utaratibu ulioanza 1989. Pleti ya namna hiyo ni sehemu ya gari, isiguswe. Namba ya injini ndiyo inayokwama mara nyingi, kwa kuwa wakulima wengi waliing'oa petroli ya sentimita za ujazo 2,286 wakaweka dizeli ya Isuzu. Kama kazi ni safi na badiliko limesajiliwa, hilo ni gari la heshima na ningelichukua kwenda Molo bila kusita. Katika daraja la uasili, hata hivyo, liko chini.

Kuna pia magari mseto: uso wa plastiki wa Series III juu ya IIA, ambayo asili yake ni wavu wa chuma na saa za katikati.

Mwisho liendeshe. Kwenye ekseli ya mbele, kila upande, kuna tufe lenye kromu. Likiwa na vishimo, vitaula mpira wake na oili itavuja. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, ambapo injini hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na kabureta iliyopangwa kwa Mombasa hapa humwaga petroli nyingi mno. Panda Menengai, ambako ukingo unafika mita 2,278. Sikiliza gia ya pili, tazama moshi: mweusi ni kabureta, wa bluu ni oili. Juu, zima injini, ngoja dakika kumi, iwashe ikiwa moto. Ikigoma hapo, usimlipe mtu hadi ujue kwa nini.